Kufuga mbwa mji wa kale bila kukosana na mtaa

Maswali ni yaleyale. "Nimepata chumba ghorofa ya tatu katikati ya mji wa kale, naweza kuchukua mbwa?" "Mbwa wangu anabweka kila kengele ikilia, nifanyeje?" "Jirani analalamika ukuta wake unanuka mkojo, nimwambie nini?" Nimeyajibu moja moja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja.

Ndiyo, inawezekana, na mbwa anaweza kuishi raha kabisa humo. Vichochoro vya miaka mia kadhaa vina harufu nyingi kuliko bustani yoyote mpya, na mbwa anaishi kwa pua. Kinachosumbua ni mji. Ulijengwa kwa ajili ya watu na punda na mikokoteni, nyumba zimeegemeana, jiwe linashika joto, linashika na mkojo. Mwenye nyumba yenye uwanja na geti anaweza kukosea mwaka mzima mtu asijue. Wewe ukikosea asubuhi, hadi mchana kichochoro kizima kimeshajua.

Kabla hujamleta

Soma mkataba wa nyumba, halafu uliza sheria za uhifadhi za mji wako. Nyumba nyingi za kale zinalindwa, na huenda usiruhusiwe kutoboa mlango, kufunga wavu kwenye roshani au kupaka ukuta rangi unayotaka. Ni bora ujue sasa kuliko baada ya kununua wavu.

Hesabu ngazi. Nasema kweli, simama chini uzihesabu mpaka mlangoni pako. Halafu jiulize: mbwa huyu akivunjika mguu, akizeeka au akifanyiwa upasuaji, nani atambeba? Mbwa wa kilo 30 habebwi na mtu mmoja kwenye ngazi nyembamba za mbao. Mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi, kama dachshund, wana uti wa mgongo unaoumia kirahisi, na ngazi kali za kila siku haziwafai. Wenye pua bapa, kama bulldog na pug, wanapumua kwa shida hata wakiwa wamelala, kwa hiyo mji wa mawe wenye joto ni hatari kwao.

Watu wengi hudhani mbwa mdogo ndiye wa mjini. Mimi sikubali. Mbwa mkubwa mtulivu anayelala saa 14 kwa siku ni jirani mzuri kuliko kijibwa chenye wasiwasi kinachobweka kila kivuli kikipita. Greyhound, pamoja na sifa zake za mbio, ni mvivu wa kutupwa akiwa ndani. Mbwa wa kuchunga kondoo, kinyume chake, atataka kuchunga kila pikipiki na kila mtoto anayekimbia.

Vitu vya kuwa navyo siku ya kwanza:

- Mkanda wa kifuani wa kumfungia kamba, na kola ya shingoni yenye kibati kilichoandikwa namba yako ya simu.
- Kamba ya kuongozea ya mita moja na nusu hadi mbili. Ile inayojikunja kwenye kifaa cha plastiki iache dukani. Kwenye kona ya kichochoro mbwa anakuwa ametangulia mita tano, nawe huoni anakutana na nani.
- Chupa ya maji ya lita moja. Nitaieleza chini, maana ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote.
- Mifuko ya kinyesi, mingi kuliko unavyodhani.
- Dawa ya kusafishia mkojo yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja mkojo pamoja na harufu yake.
- Zulia nene au mikeka, kama sakafu yako ni dari ya mtu mwingine.
- Kikapu cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu.
- Shuka au blanketi imara la kumbebea. Gari halitafika mlangoni.
- Namba ya daktari wa mifugo, pamoja na jina la mahali pa karibu ambapo gari linaweza kusimama.

Hatua zenyewe

1. Kagua nyumba ukiwa umepiga magoti.
Tambaa chumba kwa chumba. Utaona mambo usiyowahi kuyaona ukiwa umesimama: msumari kwenye mbao, sumu ya panya iliyosahauliwa na mpangaji wa zamani nyuma ya kabati, pengo kati ya nguzo za roshani. Kanuni ya pengo ni rahisi. Kichwa kikipita, mbwa mdogo anaweza kupita mzima, na mkubwa anaweza kunasa.

Angalia rangi ya zamani kwenye madirisha na milango. Rangi za miongo iliyopita mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna kila ukingo. Ikiwa inabanduka, zuia sehemu hiyo na futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Usiikwangue wala kuipiga msasa mwenyewe, kwani vumbi lake linadhuru hata watoto wa nyumbani.

2. Chanjo kwanza, vichochoro baadaye.
Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Ratiba kamili atakupa daktari wa mifugo.

Katika mji wa kale usiruke hata moja. Kirusi cha parvo, kinacholeta ugonjwa mkali wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, kinaweza kukaa miezi mingi kwenye udongo na mianya, na wewe una mianya kila hatua. Halafu kuna panya. Mkojo wao ukiingia kwenye madimbwi na mifereji hueneza homa ya mgunda, ambayo humpata mbwa na humpata binadamu pia. Uliza chanjo yake, na mzoeshe mbwa kunywa maji yako tu.

Hapa kuna mtego. Umri wa kuzoea dunia, yaani watu, sauti na wanyama wengine, huanza kama wiki ya 3 na kufunga kama wiki ya 14. Ukimfungia ndani mpaka chanjo ziishe, unapata mbwa mwenye afya anayeogopa kila kitu. Suluhisho: mbebe. Mtembeze mikononi au kwenye begi, dakika 15 kila siku, aone baiskeli, miavuli, wazee wenye bakora na wafagiaji, bila nyayo zake kugusa chini.

3. Piga hodi kwa majirani kabla mbwa hajaingia.
Nenda mlango kwa mlango. Waambie unaleta mbwa, waachie namba yako, na waombe wakuambie mapema kukiwa na kero. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia wiki mbili za kelele. Asiyeambiwa huenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Uliza pia nani hataki mbwa amkaribie. Wengine wanaogopa, wengine wana mzio, wengine dini yao inawataka wajitwaharishe mate ya mbwa yakiwagusa. Huna haja ya kujadiliana nao. Ukimwona mtu huyo ngazini, geuka, mfupishe mbwa kamba, mwache apite. Na usiache vyombo vya mbwa kwenye bomba au kisima cha pamoja.

Desturi ya kumtangaza mbwa mlangoni ni ya zamani. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, ipo nyumba ambayo sakafu ya kuingilia ina picha ya mbwa mwenye mnyororo, imepangwa kwa vijiwe, na maandishi ya Kilatini: jihadhari na mbwa. Kibao kidogo cha mbao kinatosha siku hizi.

4. Fundisha haja: wapi, lini, na maji.
Hii ndiyo hatua itakayoamua kama mtaa utakupenda.

Mtoto wa mbwa anaweza kuzuia mkojo kwa saa zinazokaribia umri wake wa miezi ukiongeza moja. Wa miezi miwili, basi, ni saa tatu hivi. Mshushe akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. *Mbebe* ngazini. Ukimwacha ashuke mwenyewe atakojoa ghorofa ya pili, na ngazi ile ni ya watu wote.

Chagua sehemu moja: udongo, nyasi, ukingo wa bustani, mfereji wa maji ya mvua. Mpeleke palepale kila mara, simama kimya, akimaliza mpe kitafunwa papo hapo. Usisubiri mpaka mrudi ndani, kwa sababu atadhani amezawadiwa kwa kupanda ngazi.

Ukuta wa jengo la kale ni mwiko. Mkojo una chumvi. Unanyonywa na jiwe laini na chokaa, unakauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulisukuma mpaka uso wake unamenyeka. Mbwa mmoja leo haleti tofauti, ila mbwa hukojoa pale alipokojoa mwenzake, na kona moja hupata mvua ya aina hiyo miaka na miaka. Mbwa dume akianza kunyanyua mguu ukutani, endelea kutembea bila kumvuta kwa nguvu, mpeleke sehemu yake.

Akikuwahi, chukua ile chupa umwage maji mengi mara moja, mpaka yaoneke yanatiririka. Miji kadhaa ya Italia na Hispania imelifanya hili kuwa sheria: mwenye mbwa asiye na chupa ya maji anaweza kupigwa faini. Tumia maji matupu. Siki, ambayo wengi huisifia, ni asidi, nayo hula chokaa na marumaru. Dawa zenye amonia nazo zinanuka kama mkojo kwa pua ya mbwa, kwa hiyo unamwekea alama arudi.

Kinyesi unakijua. Okota chote, hata usiku, hata kama hakuna anayekuona. Dirisha la juu daima lina mtu.

5. Mfundishe kutembea mahali pembamba.
Maneno manne yanatosha, na yafundishie ndani kabla ya kutoka: "subiri", "nyuma", "acha" na "twende".

"Subiri" ni ya kila mlango na kila kona. Wewe unachungulia kwanza, yeye anafuata. Zoea kumweka upande wa ukuta, wewe ukae upande wa wapita njia. "Nyuma" ni ya pale kichochoro kinapobana watu wawili wasipishane: mbwa anarudi nyuma ya miguu yako mnapita kwa mstari. Ifundishe kwenye korido ya nyumbani, kiti kimoja kila upande, kitafunwa nyuma ya goti lako. Siku tatu nne anaelewa.

"Acha" itaokoa maisha yake. Miji yenye wageni wengi ina chakula chini kila mahali: mifupa iliyopikwa inayovunjika ncha kali, vijiti vya nyama, zabibu, chokoleti. Vijiti na mifupa vinatoboa utumbo, na hivyo viwili vya mwisho ni sumu kwa mbwa. Anza na chakula kisichovutia ndani ya ngumi iliyofungwa, umpe kitu kizuri zaidi kutoka mkono wa pili anapoachana na ngumi.

Mawe ya kutandaza barabarani yana mianya inayonasa kucha. Zikate fupi. Ukisikia zinagonga sakafu, zimeshakuwa ndefu. Mkirudi nyumbani, pitisha kidole katikati ya vidole vyake kutafuta vigae vya chupa na kupe.

6. Panga saa kufuata jua.
Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Kichochoro kisicho na upepo kinamnyima hata hicho kidogo. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya jiwe kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Wageni wa mji wa kale hukosea hapa: jua likizama wanatoka, wakati jiwe bado linatoa joto lililolinywa mchana kutwa. Alfajiri ni bora kuliko jioni. Pia ndio wakati pekee wa kuuona mji wako bila watalii, jambo ambalo kwangu limelipa gharama zote za mbwa.

Dalili za hatari ni kuhema kusikokoma, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima huku ukimpepea, mpe maji kidogo kidogo, kisha daktari. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, maana litashika joto badala ya kulitoa.

7. Zoesha masikio.
Kengele, adhana, mizinga ya sherehe, fataki, ngoma za wageni. Rekodi sauti ya mtaa wako kwa simu. Wakati wa kula, icheze kwa sauti ya chini kiasi kwamba anasikia bila kuacha chakula. Kila siku mbili tatu panda kidogo. Akiacha kula, umeenda haraka, rudi nyuma.

Siku ya fataki mweke chumba cha ndani, funga mapazia, washa redio. Akija kukuegemea mkumbatie. Ile hadithi kwamba kumbembeleza kunamfundisha woga si kweli.

8. Mlinde dhidi ya mapenzi ya watu.
Watalii watataka kumshika na kumpiga picha. Wengine hawatauliza. Mbwa anayelamba midomo, anayegeuza kichwa, anayepiga mwayo bila usingizi, au anayeonyesha weupe wa jicho, anakwambia imetosha. Sema "twende" na uondoke. Hudaiwi picha na mtu. Usimfunge nje ya duka au makumbusho "dakika moja". Kama hawamruhusu ndani, rudi bila yeye.

9. Mzoeshe kubaki peke yake.
Toka mlangoni sekunde kumi, rudi. Kisha dakika moja, tano, ishirini. Rudi kabla hajaanza kulia, siyo baada. Kabla ya kuamini kwamba ananyamaza, acha simu ikirekodi. Mbwa wangu wa kwanza nilimtetea mbele ya jirani wiki nzima, kisha nikasikiliza rekodi: saa mbili mfululizo, mlio wa mbwa mwitu, na kile kiuwanja cha ndani kilikuwa kinaupeleka mpaka ghorofa ya juu. Ilibidi nipande nikaombe radhi.

Mambo yakiharibika

*Anagoma kushuka ngazi.* Usimvute. Weka kitafunwa kwenye ngazi ya mwisho ya chini, aanze na hiyo moja tu, kisha mbili. Ngazi za mawe yaliyosuguliwa na miaka huteleza, na vipande vya zulia vinasaidia. Akigoma ghafla baada ya kuzoea, ni maumivu mpaka daktari aseme vinginevyo. Usimpe dawa zako za maumivu: paracetamol na ibuprofen zinaweza kumwua.

*Anafukuza paka.* Vichochoro ni vya paka, na watakuwepo baada yako. Ukimwona paka kabla yake, geuka na umlipe kwa kukufuata. Ukichelewa, simama mguu mmoja mbele, kamba karibu na mwili, ngoja paka aondoke.

*Anakojoa mahali palepale ndani.* Loweka kwa dawa ya vimeng'enya na iache ikauke yenyewe. Kati ya mbao za sakafu za zamani mkojo huingia ndani, kwa hiyo rudia mara mbili tatu. Mbwa mzima aliyekuwa msafi akianza ghafla, apimwe mkojo.

*Umehisi amekula sumu ya panya.* Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, hata akiwa anacheza. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili, kama ufizi kutoka damu, uchovu au kukohoa, huchelewa siku kadhaa. Chukua pakiti au picha yake. Ikiwahiwa, tiba ipo: vitamini K.

*Amemuuma mtu.* Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa wako ana chanjo zote. Mpe kadi ya chanjo aende nayo. Wewe mfunge mbwa ndani na umpigie daktari wa mifugo akuelekeze muda wa kumwangalia.

*Amepotea.* Mbwa aliyetishwa mara nyingi hukimbia kwanza, kisha hujificha karibu. Anza na ngazi, viuwanja vya ndani na milango iliyo wazi ya nyumba za jirani, ukiita kwa sauti ya kawaida. Acha shuka lako chini ya mlango wa nje. Wauza maduka na wafagiaji wa alfajiri wanajua kila kinachopita, kwa hiyo waonyeshe picha wao kwanza.